Gia Haikatwi

Cheni iliruka palepale iliporuka jana, hatua chache za kupanda baada ya daraja, na Florentine akaanguka na magunia yake mbele ya wanaume walewale. Pedeli ilikuwa nzito chini ya mguu wake, kisha ghafla ikawa tupu, kama ngazi ambayo mtu ameikosa gizani. Goti likagonga usukani. Baiskeli ikalala ubavu, gunia la juu likafumuka mshono, na vipande vya muhogo mkavu vikatawanyika kwenye tope jekundu.

Msimu wa marufuku ya uvuvi, wanaume wa upande huu wa ziwa Mweru hawana pa kupeleka macho. Nyavu zimekunjwa, mitumbwi imepinduliwa, na asubuhi ni ndefu. Basi wanakaa kwa Bwembya, fundi baiskeli aliyejenga kibanda chake chini ya mpando, pale barabara ya Kafutuma inapovuka kijito kabla ya kupanda tena kuelekea Nchelenge. Kwao mwanamke akianguka ni riziki. Mmoja aliinuka kama anayetaka kusaidia, akaliangalia tope, akakaa tena.

"Mama Princesse, unapenda sana hii fasi," alisema huyo aliyekaa, akionyesha mahali alipoangukia.

"Fasi siipendi. Cheni njo inaruka," Florentine alijibu. Alikuwa ameinama anaokota mihogo yake, kipande kwa kipande, na anaipangusa kwenye kitenge. Hakumwangalia.

Bwembya alikuja mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Ubaya wake ulikuwa kwamba hajawahi kukosea mbele ya watu. Aliinua baiskeli, akaisukuma hadi kibandani, na kabla ya jambo lolote akafungua mzigo na kuushusha. Kisha akaipindua, kiti chini na magurudumu juu, akafuta tope kwa tambara. Akazungusha pedeli kwa mkono na kubadilisha gia. Cheni ilipanda kwenye meno makubwa, ikashuka kwenye meno madogo, ikapanda tena, laini, bila kusita. Akaizungusha mara nyingi ili kila mmoja aone.

"Awe, mayo," alisema, akitikisa kichwa, kiganja juu ya baiskeli. "Njinga haina ugonjwa. Ugonjwa uko juu ya kiti."

Wanaume walicheka kuliko walivyocheka alipoanguka. Florentine alisikia masikio yanawaka. Goti lilikuwa linavuja damu lakini neno lile lilimuuma zaidi, kwa sababu Bwembya hakulisema kwa uchungu; alilisema kama daktari anayemwambia mtu jina la homa yake.

"Leta Jumamosi," fundi aliendelea, sasa kwa upole, kidole kwenye gia. "Nitakata ile vitesi. Angalia, nimekata za batu mingi."

Alionyesha waya uliovutwa kutoka nguzo hadi nguzo. Vimkono vya gia vilivyong'olewa kwenye baiskeli za watu vilikuwa vimetundikwa pale kama samaki wanaokaushwa. Kila baiskeli ya gia inayofika huku mwisho wake ni huo: fundi anang'oa kimkono cha nyuma, anafupisha cheni, anaiacha kwenye jino moja, na mwenye baiskeli anaambiwa amepona. Cheni haitaruka tena, ni kweli. Lakini jino lenyewe ni gumu, na mpando wa Kafutuma ukiwa na mzigo juu yake unataka mapaja ya mwanamume anayevuta nyavu. Florentine aliwahi kuazima baiskeli nyeusi ya jirani isiyo na gia. Aliisukuma kwa miguu, akafika ziwani amechoka kuliko kama angebeba kichwani.

"Vitesi haitakatwa," alisema.

Alipakia magunia yake, akasukuma baiskeli mpaka juu, na nyuma yake kicheko kikamsindikiza kama mbwa asiye na mwenyewe.

*

Pwani ya Nchelenge alimkuta Fidélie amesimama kando ya boti, mikono kiunoni. Fidélie alikuwa mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo, Kilwa ya Kongo, mwanamke mnene mwenye sauti inayofika kabla yake. Alinunua mihogo mikavu huku na kuiuza kule, na boti yake iliondoka asubuhi kabla upepo haujayaamsha mawimbi.

Alitia mkono kwenye gunia, akatoa kipande chenye tope, akakinusa.

"Hiyi ni mihogo ao ni matofali?"

"Nilianguka, mama."

"Jana ulianguka. Juzi ulichelewa. Miye nakupenda, Florentine, lakini injini hainipendi, inakunywa mafuta hata boti ikisimama." Aliweka kipande kile kando, akaonyesha kwa kidevu vijana wenye baiskeli nyeusi. "Kuko bavulana ba kinga nyeusi. Bananiomba kila siku. Niliwaambia niko na mama moya wa Kafutuma, mihogo yake ni mweupe. Sasa unanifanya mutu wa bongo, muongo."

"Nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi asubuhi. Ukikosa, nitachukua ya bavulana. Si kwa kukuchukia."

Akamlipa bei ya mihogo michafu. Florentine alipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa, na alichukia mikono yake mwenyewe kwa kupokea hivyo. Akanunua jerikani ya mawese ya kwenda kuuza nyumbani, akaifunga kwa kijikamba juu ya keria, akaukunja mpira wake wa kufungia magunia na kuuning'iniza kwenye usukani. Njiani kurudi alivuka kijito na kupanda ng'ambo ya pili bila cheni kuruka hata kidogo. Hakulitilia maanani. Mtu aliyeaibishwa asubuhi haoni mema ya mchana.

*

Habari ya kuanguka ilikuwa imefika Kafutuma kabla yake. Octave, mumewe, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, fimbo kando, na Guylain mdogo wake alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, akila. Guylain alitoka Mofwe tangu uvuvi ufungwe, kuja kusalimia, na salamu zake zilikuwa bado hazijaisha.

Octave aliliangalia goti la mkewe, kisha baiskeli. Alipokuwa Katanga alibeba makala, yaani mkaa, kwa baiskeli, magunia yaliyopangwa juu hadi mtu haonekani nyuma yake, mpaka siku mzigo na lori vilipokutana na nyonga yake ikavunjika. Tangu hapo hapandi baiskeli. Kazi yake moja iliyobaki ni kufunga. Kila asubuhi alifunga mzigo wa mkewe kwa mpira mrefu uliokatwa kwenye tairi la ndani la lori, mpira uleule wa makala, alioubeba kuvuka ziwa walipokimbia vita huko Kongo. Watu wengine walivuka na masufuria.

"Pole, Mama Princesse," alisema. "Sikufunga nguvu ya kutosha. Kesho nitakaza zaidi."

"Si kufunga, yaya," Guylain alimwambia kaka yake, mdomo umejaa. "Ni vitesi. Hata Bwembya amesema. Ikatwe, halafu miye nitapanda. Nitapeleka mihogo, nitarudisha falanga pa nyumba. Shemeki atapumzika."

"Nani alisema nimechoka?" Florentine aliuliza.

"Goti yako njo inasema."

Florentine alitua jerikani. Baiskeli ile aliinunua yeye, kwa mihogo ya shamba alilolilima yeye, kwa mzungu wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao. Kabla yake alikuwa akibeba kichwani hadi barabarani na kuwauzia madalali kwa bei waliyoitaka wao. Gia ndiyo iliyomtoa huko. Gia ikikatwa, baiskeli itakuwa ya yeyote mwenye mapaja, na yeye atabaki kupokea kile Guylain atakachokumbuka kurudisha. Alimjua Guylain. Hakuwa mwizi, alikuwa na marafiki wengi tu.

"Kinga ni yangu," alisema. "Nitapanda miye."

"Na kuanguka utaanguka weye," Guylain akacheka.

Octave aliinamisha kichwa, akachora mchanga kwa ncha ya fimbo. Lililomtesa halikuwa baiskeli. Kila mkewe alipoanguka, kijiji kilisema: tazama, mume amekaa kivulini, mke anavunjika magoti barabarani. Maneno hayo aliyasikia hata pasipo mtu kuyasema.

"Jumamosi," alisema mwishowe, bila kuinua macho, "Guylain atapeleka kwa Bwembya. Sipendi nikuzike juu ya mihogo."

"Baba Princesse, Jumamosi Fidélie ananingoja."

"Njo vile nimesema."

Ndani ya nyumba Princesse, binti yao, aliacha kupepeta unga ili asikie mama atajibu nini. Mama alichota maji, akaiosha baiskeli, polepole, mpaka kwenye spoku, kama anayemwogesha mtoto ambaye watu wengine wanataka kumchukua.

*

Siku iliyofuata Octave alikaza kweli. Alianza chini, kama desturi yake. "Muzigo unaanzia chini," alipenda kusema, na waliobeba makala wote wangemuunga mkono: ukifunga juu ya keria tu, gunia linacheza. Alipitisha mpira chini karibu na ekseli, akauzungusha kwenye fremu, akaupandisha juu ya magunia, akaushusha upande wa pili, akausokota kwa kijiti mpaka ukalia. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alipomaliza alilipiga gunia kofi, na gunia halikutikisika.

Chini ya mpando, cheni iliruka mapema kuliko jana. Florentine hakuanguka, alikuwa anaitazamia, akashuka kwa wakati. Akasukuma. Kule kibandani walitabasamu tu, na Bwembya aliinua koleo lake kumsalimia.

Alichelewa, lakini boti nayo ilichelewa. Injini ilikuwa imegoma na fundi wake ameitwa. Fidélie alikuwa amekaa juu ya ndoo, anatoka jasho na hasira.

"Nipeleke nione hiyo mihogo yako pa nyumba," alisema ghafla. "Ile gala. Kama ni mingi na mweupe, nitajua kama nikungoje ao nisikungoje. Hapa niko nakaa bure."

"Nikupeleke namna gani? Niko na kinga tu."

"Kwani kinga inabagua?"

Basi Florentine akashusha magunia, akauning'iniza mpira kwenye usukani, na Fidélie akapanda nyuma. Sitasema uzito wake, kwa kuwa mwenyewe hakuusema, lakini keria ililia, na tairi la nyuma likajikunja kama mtu aliyekalia kidonda. Alikaa upande, kitenge kimekazwa, mkono mmoja kwenye bega la Florentine na mwingine umeshika mwavuli. Watoto wa njiani walikimbia nyuma yao. Walivuka mji, wakashuka mteremko kwa breki mbili, wakapita mbele ya kibanda cha Bwembya na upepo wao, na wanaume wote wakasimama waone vizuri, maana leo wangeanguka wawili.

Daraja likapita. Mpando wa ng'ambo ukaanza. Florentine alishusha gia moja, akashusha nyingine, akangoja pedeli iwe tupu. Haikuwa. Cheni ilishika jino na kuling'ang'ania. Alipanda akihema, goti linauma, Fidélie akimhimiza mgongoni kama anayehimiza ng'ombe, mpaka wakafika juu. Hapo Florentine alisimamisha baiskeli katikati ya barabara.

"Umechoka?" Fidélie aliuliza.

"Shuka kidogo, mama. Haikuruka."

"Nini haikuruka?"

"Cheni. Weye ni muzito kuliko magunia yangu."

"Asante sana."

"Nasema kweli. Kama ni uzito, leo ingeruka. Kama ni miye, juu ya kiti niko miye." Aliizunguka baiskeli, akaigusa huku na kule. Gia zilezile. Njia ileile. Mtu yuleyule. Kilichopungua ni nini? Macho yake yakatua kwenye usukani, kwenye ule mpira mweusi uliokunjwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Florentine alipiga magoti barabarani, akauchukua mpira, akaupitisha kama Octave anavyoupitisha, chini karibu na ekseli, akauzungusha kwenye fremu. Upande wa kulia, palepale mpira unapopita, kulikuwa na waya mwembamba wa gia unaotoka mbele kwenda kwenye kile kimkono cha nyuma. Aliuvuta mpira kwa nguvu. Waya ukabanwa, ukajipinda. Na kile kimkono, bila mtu kugusa gia, kikasogea.

Aliachia. Kikarudi.

Akavuta tena. Kikasogea tena. Mzigo ukiyumba kwenye mpando, mpira unavuta. Mpira ukivuta, gia inadhani mtu ameibadilisha. Cheni inaacha jino moja kabla haijashika jingine. Na Bwembya, kila alipoipima, alianza kwa kufungua mzigo.

Fidélie alikuwa ameinama naye, mwavuli begani. "Nani anafunga hivi?"

"Bwana yangu."

Fidélie alifungua mdomo kucheka, akaiona sura ya mwenzake, akaufunga. Wapo watakaosema kikulacho ki nguoni mwako, lakini methali hiyo ni ya adui, na Octave hakuwa adui. Alikaza zaidi kila alipomwona mkewe ana damu gotini. Florentine angefurahi kama angekuta chuma kimevunjika. Chuma kinanunuliwa.

*

Alimwambia jioni, wakiwa wawili, baada ya Fidélie kuliona ghala, kusifu mihogo na kurudishwa kwenye boti yake. Alimwambia kwa sauti ya chini na kumwonyesha kwa kidole. Octave alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauchukua mpira wake, akauweka magotini.

"Na huu mupira nilibeba makala tangu Kasenga mpaka Lubumbashi," alisema. "Hakuna gunia hata moja ilianguka."

"Najua."

"Mguu hauko. Nyavu siwezi. Kulima nalima nimekaa, kama mutoto. Nimebaki na kufunga." Akausokota mpira mkononi. "Sasa hata kufunga sijui?"

"Unajua kufunga, Baba Princesse. Zile kinga za Katanga hazikukuwa na waya pale."

"Waya, waya. Njo maana ikatwe. Kesho Guylain ataipeleka. Nimemaliza."

Akageukia ukutani. Florentine alibaki amekaa kando ya kitanda. Alimhurumia, huruma ya kweli. Lakini aligundua pia kwamba huruma ile, akiifuata, itamrudisha kubeba kichwani mpaka uzeeni. Akaamua kumhurumia na kumkatalia, vyote viwili kwa pamoja.

*

Jumamosi Guylain alikuja amevaa viatu. Alikuta magunia yameshatolewa nje.

"Magunia ya nini? Tunaenda kwa fundi."

"Tunaenda kwa fundi na muzigo," Florentine alisema. "Baba Princesse, funga. Funga kama siku zote, ukaze."

Octave alimtazama, hakuelewa, lakini akafunga. Alianza chini. Alisokota mpaka mpira ukalia. Na Florentine alipoanza kusukuma, alimwambia: "Uje na weye."

"Miye? Mpaka mutoni?"

"Polepole. Tutakungoja."

Walienda mwendo wa fimbo yake. Watu walitoka majumbani kutazama: mke mbele na baiskeli iliyobeba, mume nyuma akichechemea, shemeji kando mikono mitupu. Kwa Bwembya kilikuwa kikao kamili. Kifaa cha kukatia cheni kilikuwa tayari kimewekwa juu ya tambara, safi, kama kisu cha harusi.

"Mwapoleni, ba Octave," Bwembya alisalimia kwa heshima, akapiga makofi ya taratibu. Kisha akanyoosha mkono kwenye fundo la mpira. "Twanza kufungula muzigo."

Florentine aliuweka mkono wake juu ya mkono wa fundi.

"Usifungule."

"Mayo, nitaipindua namna gani?"

"Usiipindue. Kila siku unafungula muzigo, unapima kinga tupu, unasema haina ugonjwa. Miye sipandi kinga tupu. Leo pima vile inatembea."

"Shemeki, usitupotezee wakati," alisema Guylain.

"Weye shika kiti, uinue gurudumu ya nyuma. Uko na nguvu, umetuambia."

Kikao kilicheka kidogo, na mara hii hakikumcheka yeye. Guylain akashika, akainua, mzigo ukamlemea, uso ukamvimba. Florentine alizungusha pedeli kwa mkono. Cheni ilizunguka. Kisha akaweka kiganja kwenye gunia na kuliyumbisha, kushoto, kulia, kama linavyoyumba mpandoni. Kla! Cheni ikaruka. Hakuna aliyekuwa amegusa gia. Akayumbisha tena. Ikaruka tena.

"Nani iko juu ya kiti?" aliuliza.

Kiti kilikuwa kitupu, na mikono ya Guylain tu chini yake.

Bwembya alipiga magoti, akaufuata waya kwa kidole tangu mbele, taratibu, mpaka kidole chake kikaingia chini ya mpira na kukwama. Alikuwa fundi, na fundi akishaona haonyeshwi. Macho yake yakapanda kwenye fundo, yakaenda kwa Octave, yakarudi chini haraka. Lakini wengine nao walikuwa wameona, na yule wa siku ya kwanza, aliyeogopa tope, alianza kucheka puani.

"Kumbe ni muzee mwenyewe anafunga bibi yake aanguke..."

"Anayetaka kucheka anicheke miye," Florentine alisema. Alimgeukia akamtazama usoni, siyo kwa hasira, kwa kumsubiri. "Nilianguka mbele yenu, mulicheka, nilinyamaza. Huyu alifunga sababu hakupenda nianguke. Weye uliona tope, ukakaa. Basi cheka, tusikie."

Yule mtu akaangalia viatu vyake.

Octave alikuwa amesimama vilevile, mikono yote miwili juu ya fimbo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Kisha akaja mpaka penye baiskeli, akainama kwa shida, akakitoa kijiti, akaanza kuufungua mpira wake, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mpaka wote ukawa mkononi mwake.

"Ba Bwembya. Nipe kisu."

Guylain aliishusha baiskeli kwa pumzi ya furaha. "Kata, yaya. Anzia na waya."

Octave aliupima mpira kwa mikono, toka kidevuni hadi mwisho wa mkono. Akaukunja katikati. Akaukata. Mpira uliobeba makala ya Katanga na kuvuka ziwa ukawa vipande viwili vifupi, visivyoweza tena kufika chini kwenye ekseli hata mtu akitaka. Alimrudishia fundi kisu chake. Alifunga kipande kimoja mbele na kingine nyuma, juu ya keria, kwa msalaba, na alikuwa anafunga vizuri, jamani, hata wale wanaume walisogea kuangalia. Alipomaliza alilipiga gunia kofi. Halikutikisika.

"Panda," alisema.

Florentine alipanda. Alipaswa labda kushukuru kikao, au kumpa fundi neno la kumtuliza, kwa kuwa ndivyo mwanamke mwenye adabu anavyoondoka mbele ya wanaume. Hakufanya hivyo. Alikanyaga pedeli, akashusha gia moja, na palepale ilipokuwa ikiruka haikuruka. Akashusha nyingine. Walimwona akipanda, mgongo umeinama, magunia yametulia nyuma yake, mpaka akafika juu, akapiga kengele, na barabara ya Nchelenge ikamchukua.

Bwembya alikuwa bado amepiga magoti. Aligeuza kichwa, akaitazama safu ya vimkono vilivyoning'inia kwenye waya wake, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akakichukua kile kifaa cha kukatia cheni na kukifunika kwa tambara.

"Sasa miye, yaya?" Guylain aliuliza. "Nitafanya nini?"

Octave alikuwa ameshaanza kurudi Kafutuma, fimbo mbele, mguu nyuma. Hakugeuka.

"Mihogo iko mingi shambani," alisema. "Na jembe unajua fasi iko."